Barua ya wazi: Njia ya pwani ya Kendwa mpaka mnara wa taa wa Nungwi ibaki mikononi mwa umma

Kwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar; kwa uongozi wa Shirika la Bandari na wa Kamisheni ya Utalii; kwa Mkuu wa Mkoa wa Kaskazini Unguja na Halmashauri ya Wilaya ya Kaskazini A.

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum.

Nalitanguliza ombi langu ili msipate tabu ya kulitafuta katikati ya maneno. Njia ya miguu ya pwani inayotoka Kendwa, ikapita kwenye majahazi ya Nungwi na kuishia penye mnara wa taa wa Ras Nungwi, itambuliwe rasmi kuwa njia ya umma, iingizwe kwenye ramani za matumizi ya ardhi za wilaya, na asipewe mtu yeyote uwezo wa kuifunga. Na mnara wenyewe ufunguliwe kwa wananchi na wageni, kwa siku maalumu na kwa utaratibu, huku taa yake ikiendelea na kazi yake ya kuongoza vyombo.

Mimi ni mwalimu wa skuli katika Mkoa wa Kaskazini. Nasomesha historia na jiografia, na njia hii naitumia kama darasa, kwa sababu sijaona pahala pengine Unguja ambapo mtoto atatembea asubuhi moja tu akakutana na umri wa mawe, mwendo wa maji, kazi ya mikono ya wazee wake na alama ya dola iliyopita. Ni kilomita chache. Mtu mzima mwenye haraka zake huzimaliza mapema. Sisi hatuna haraka.

Wengi wenu Nungwi mnaifikia kwa gari, kwa barabara ya Mahonda na Mkokotoni. Hata sisi wa daladala 116 tunashushwa kijijini, tumeshazungukwa na maduka ya vinyago na mbao za matangazo. Anayekuja kwa miguu kutoka Kendwa huona mambo mengine. Unaanza kwenye mchanga mweupe, Tumbatu umeiacha nyuma upande wa kushoto, ngalawa za waliolala baharini ndizo hizo zinarudi. Mbele kidogo mchanga unakatika na jabali linaanza. Ukilitazama kwa karibu utaona kuwa ni matumbawe matupu: vijitundu, matawi, makombe ya chaza yaliyogandamana. Jabali hili lilikuwa mwamba hai ndani ya maji, kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo. Maji yakashuka, matumbawe yakafa, yakawa nchi kavu tunayoikanyaga. Chini mawimbi yameyala mpaka yametengeneza kama dari, na chini ya dari hiyo ndipo njia inapopita.

Hapo sasa ndipo lazima umjue bwana maji. Wenyeji hawahitaji kuambiwa, lakini naandika kwa yule mshauri wa mradi atakayeletwa kutoka mbali. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji ya kwetu hupwa sana mida ya saa nne asubuhi, na yakijaa jioni hupanda mita nne au karibu yake. Pale chini ya jabali, kwenye saa za kupwa, mtoto wa darasa la tano anapita miguu mikavu. Baada ya saa chache hakuna pa kupita, pana mawimbi yanayogonga jiwe. Na saa hizo hazisimami: kila siku zinasogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, mambo hubadilika tena. Mgeni aliyetoka nje ya hoteli na kandambili zake, bila ya kumuuliza mtu, anaweza kujikuta yuko baina ya jabali na bahari hana pa kushika. Kwa hiyo ninapoomba njia itambuliwe, naomba pia ubao kila upande, Kendwa na Nungwi, unaoandikwa kila wiki saa za kujaa na kupwa kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni. Kalamu na chaki vinatosha. Wapo wavuvi wastaafu ambao wangeifanya kazi hiyo kwa heshima kubwa na kwa posho ndogo. Na itengwe njia ya juu, ya kupitia nyuma ya jabali, kwa ajili ya saa ambazo maji yamejaa. Vichochoro vya zamani vipo, vingine vimeshazungushiwa ukuta.

Ukishalivuka jabali unaingia Nungwi yenyewe, kwanza upande wa hoteli, kisha kwa mafundi. Hapa huwa nawaacha wanafunzi wangu kwa muda mrefu. Jahazi linajengwa mchangani, chini ya mti, hakuna karatasi ya mchoro. Fundi anaulaza mkuku, uti wa mgongo wa chombo, anasimamisha mataruma, mbavu zake, ambayo ameyachagua msituni kwa umbo lake, kila tawi lililopinda lina pahala pake ndani ya chombo. Tezo inachonga, keekee inatoboa, mbao zinagongwa, na mwisho inakuja kazi ya kalafati: pamba inashindiliwa kwenye kila mwanya wa ubao na ubao, kisha chombo kinapakwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake haikutoki puani mpaka ufike nyumbani. Nimewaona wanafunzi ambao darasani hawana habari na pembe nyuzi wala duara wakimsikiliza fundi akieleza kwa nini ubao huu hauwezi kukaa pale, na wanaelewa.

Uwanja wa mafundi unapungua. Hilo kila mtu anayepita kwa miguu analiona. Mafundi wanahitaji mchanga ulio wazi mpaka majini, kwa sababu chombo kikimalizika lazima kiteremshwe kwa nguvu za watu wakati maji yamejaa. Wakikosa sehemu ya kukiteremsha, hiyo kazi imekwisha. Hauwezi kujenga jahazi nyuma ya ukuta wa bwawa la kuogelea. Ndiyo maana njia ninayoiombea si ya watembeaji peke yao. Anayepita na mkoba wa kamera, anayeteremsha dau, anayekwenda kuvua pweza kwenye mwamba, mama anayebeba samaki kutoka mnadani, wote ni ukanda mmoja huu wa mchanga wanaoutegemea. Ukizibwa kwa mmoja umezibwa kwa wote.

Kisha, kwenye ncha kabisa ya kaskazini, mnara. Karibu yake lipo lile bwawa la asili la Mnarani, ambalo wenyeji walianza kuhifadhi kasa tangu 1993, na wageni hulipa kiingilio kuwaona. Kasa wanatazamwa. Mnara unapitwa tu.

Mnara huu ulisimamishwa miaka ya 1880, katika zama za Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Nawaomba mzifikirie zama hizo kidogo, maana ndizo zinazoeleza kwa nini taa iliwekwa hapa na si pengine. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869 na meli za moshi zikaanza kuteremka kutoka Aden bila ya kungoja upepo wa kaskazi uzilete. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo vya Sayyid na kuing'oa mikarafuu mashambani. Mwaka 1879 waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar. Mwaka 1883 Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid, ilikuwa imeshasimama mbele ya bandari. Ilikuwa nchi inayofungua milango yake kwa bahari ya namna mpya, ambayo nahodha wake hajui nyota za huku wala hawajui wavuvi wa Tumbatu. Nahodha huyo akija kutoka kaskazini, ardhi ya Unguja ya kuikuta mwanzo ni Ras Nungwi, nchi tambarare isiyo na kilima cha kumuonesha kuwa amefika, miamba imeizunguka, na mkondo baina yake na Pemba unamvuta. Usiku haioni kabisa mpaka ameshachelewa. Taa ikawekwa hapo.

Leo manahodha wana mitambo, na hata mvuvi wa dau ana simu inayomuonesha alipo. Lakini waulizeni wavuvi wa Nungwi wanapotega madema yao kwa alama gani. Wengi watakutajieni mnara: mnara ukae sawa na mnazi fulani, au na paa fulani, hapo ndipo.

Na mkondo ule haukuondoka. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I, ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake, ilizama njiani kwenda Pemba, katika bahari ya Nungwi. Nchi nzima iliomboleza siku tatu. Miongoni mwa waliotoka kwenda kuokoa walikuwa wavuvi wa kijiji hiki na boti za watu wa hoteli, bega kwa bega. Wanafunzi wangu wengi walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa wakinyonya. Tunapofika mnarani huwaeleza, na huwaeleza pia kwamba taa haizuii meli kujazwa kupita kiasi, hilo ni la watu na dhamana zao. Pale wanaelewa kwa nini babu zao wakisafiri kwenda Pemba husoma dua wakifika mkondoni. Ninasimulia haya yote nikiwa nje ya uzio.

Kwa miaka mingi mnara huu umekuwa hauingiliki, na hata kuupiga picha kumekuwa ni jambo la kukatazwa. Sababu zake nazijua na sizidharau: ni kifaa kinachofanya kazi, ni eneo la usalama, na ngazi za jengo la zaidi ya karne si za kuchezewa. Lakini hapa hapa Zanzibar tumeshaonesha kuwa inawezekana. Mnara wa Chumbe ulijengwa 1904, na tangu kisiwa kile kilipokuwa hifadhi katika miaka ya 1990 wageni na wanafunzi wanapandishwa juu na waongozaji wao. Pemba, kule Ras Kigomasha, mtu anayetoka msitu wa Ngezi akafuata pwani mpaka kwenye ncha, akimkuta msimamizi na kulipa kidogo, anapanda na kuiona mikarafuu upande mmoja na bahari ya kina kirefu upande wa pili. Ikiwa Kigomasha imewezekana, Nungwi kuna kizuizi gani? Wapande watu wachache kwa mara moja, wafuatane na mwongozaji, chumba cha taa kibaki kimefungwa. Jumamosi na Jumapili zingetosha kuanzia. Wanafunzi wa Zanzibar wasilipe.

Kabla ya hapo, nawasihi mlete wahandisi waukague. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lile lilikuwa katikati ya mji, mbele ya macho yetu sote, limeandikwa katika urithi wa dunia pamoja na Mji Mkongwe tangu 2000, na bado likaanguka. Mnara wa Nungwi uko nchani, unapigwa na chumvi ya kaskazi na ya kusi, na hauna sauti ya kuuombea. Mawe na chokaa ya pwani hii yanataka kuangaliwa mwaka hadi mwaka. Tukingoja nyufa zionekane kwa mbali, gharama itakuwa nyengine kabisa.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Hivi karibuni tukiwa njiani, mlinzi wa hoteli moja alitusimamisha. Watoto walikuwa na sare za skuli, chupa za maji mikononi. Akasema hapo ni eneo la wageni, turudi tulikotoka. Hoteli hiyo siitaji, kwa sababu haiko peke yake na kwa sababu kijana yule ametumwa, anatafuta riziki yake. Tulizungumza, akatupisha. Lakini maji yalikuwa yameshaanza kujaa, na kurudi tulikotoka maana yake ilikuwa kupita tena chini ya jabali na watoto wote wale. Siku atakapokuwa mlinzi mwengine, asiyesikia, na mwalimu mwengine, asiyejua maji, tutakuwa na msiba ambao kila mtu atasema hakuujua.

Na aliyenisikitisha zaidi si mlinzi. Ni msichana wangu mmoja wa Nungwi, mzaliwa wa hapo, aliyeniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kwani tunaruhusiwa?" Bibi yake ameivuka pwani hiyo maisha yake yote.

Waheshimiwa, mnajua kuliko mimi kwamba ardhi ya Zanzibar ni ya Serikali na mwekezaji hukodishwa. Mnajua kuwa kanuni zinataka majengo yarudi nyuma mita 30 kutoka yanapofika maji makuu. Tembeeni siku moja na utepe wa kupimia mkaone. Pana kuta ambazo bamvua inazigonga kila mwezi. Na ukuta wa namna hiyo hauzuii njia tu, unaila pwani. Wimbi likipanda kwenye mchanga ulio huru linachoka taratibu na kuuacha mchanga. Likigonga ukuta uliosimama wima linarudi na nguvu zake, linachota mchanga wa chini na kuondoka nao, na jirani asiye na ukuta anaona ufukwe wake unapungua, naye anajenga ukuta. Baada ya miaka kadhaa hakuna ufukwe wa kugombania. Anayepoteza kwanza ni mtembea kwa miguu, anayefuatia ni mwenye hoteli mwenyewe, maana mgeni wake alikuja kwa ajili ya ule mchanga.

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea zaidi ya wageni 700,000, na Nungwi na Kendwa zilibeba sehemu kubwa. Tunaambiwa sera ni Utalii kwa Wote. Nililipenda neno hilo tangu lilipotangazwa na bado nalipenda. Njia hii ni fursa ya kulitimiza bila ya mkopo mkubwa. Vijana wa Nungwi waliomaliza skuli, wanaojua majina ya upepo na ya samaki, wasomeshwe kuongoza wageni kutoka Kendwa mpaka mnarani. Leo wengi wao wanafukuzana na wageni mchangani kuwauzia safari za boti, na wageni wanawakimbia. Ada ya njia na ya mnara igawanywe kwa hesabu inayobandikwa ukutani kwa sheha: fungu la ukarabati wa mnara, fungu la waongozaji, fungu la kijiji. Nasisitiza kubandikwa. Watu wa Nungwi wamechoka kusikia kuwa fedha zipo.

Kijiji kiulizwe kabla ya yote. Nungwi ni mji wa watu wenye dini na stara zao, na wageni wanaokatiza vichochoroni na nguo za kuogelea wamewachosha wazee. Njia iliyowekewa alama nzuri ingesaidia hapo pia: ingeonesha ni wapi mgeni ajifunike, wapi asipige picha, wapi ageuke asipite mlangoni kwa mtu, na saa gani mafundi wasisumbuliwe. Yasiamuliwe hayo ofisini Mjini. Waitwe sheha, mafundi, wavuvi, na kina mama wa mnadani, ambao kwa kawaida huitwa mwisho na ndio wanaoujua ukanda huu kwa kuukanyaga kila siku.

Wamo watakaosema wawekezaji watakasirika. Nimezungumza na baadhi ya mameneja wa hoteli, na wapo waungwana wanaotaka hasa njia iliyo wazi, kwa sababu wageni wao huwauliza kila siku watembee wapi. Wanachokikosa ni kanuni moja inayomfunga kila mmoja sawasawa, ili anayefungua pwani yake asionekane mjinga mbele ya jirani aliyeifunga.

Kwa hiyo nawaalika. Chagueni siku ya bamvua kabla ya msimu wa wageni wa Juni, mje nyote mlioandikwa juu ya barua hii, pamoja na mpima ardhi na mhandisi mmoja wa Shirika la Bandari mwenye ufunguo wa mnara. Tukutane Kendwa saa mbili asubuhi, viatu vya kutembelea mwambani, kofia na maji ya kunywa. Saa nne tutakuwa tumeshalivuka jabali, mafundi tutawakuta kazini, na kabla ya adhuhuri tutakuwa mnarani, ambapo sheha na wazee wa Nungwi watakuwa wakiwasubiri kwa mazungumzo. Wanafunzi wangu watakuja na daftari, na kila ukuta watakaoukuta umezuia njia watauandika na kuupima mbele yenu.

Wasalaam,

Mwalimu wa historia na jiografia,
Mkoa wa Kaskazini Unguja